Roboti za Kukata Nyasi Zilizoachana na Waya: Tathmini ya Mtumiaji

Kwa zaidi ya miaka 25, roboti ya kukata nyasi ilikuwa mashine isiyojua iko wapi. Ilichojua ni kwamba imefika kwenye waya uliozikwa pembezoni mwa bustani na kwamba inapaswa kugeuka, basi. Mashine zinazouzwa leo zinajua zilipo kwa sentimita chache, na badiliko hilo moja ndilo lililozaa karibu kila jambo jipya linalotangazwa madukani: kukata kwa mistari iliyonyooka, kugawa bustani katika maeneo yenye ratiba tofauti, kukwepa vitu vilivyoachwa njiani, na kuvuka kutoka ua wa mbele hadi wa nyuma bila kubebwa. Tathmini hii inahusu mashine za aina hiyo, kama ninavyozifahamu kutokana na bustani ya majengo ya ghorofa ninayoitunza karibu na Köln, nchini Ujerumani, ambako hapo awali tulikuwa na roboti ya waya na sasa tunayo inayotegemea setilaiti pamoja na kamera. Sitazitaja kwa jina mashine hizo mbili, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza ni za teknolojia yenyewe kuliko za mtengenezaji fulani. Kampuni nitakazozitaja nitazitaja kwa sifa za mashine zao zinazojulikana hadharani.

Mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Uswidi ilileta sokoni Solar Mower, roboti iliyokata nyasi kwa nishati ya jua, na mashine zilizofuata chini ya jina la Automower ndizo zilizoizoesha Ulaya kazi hii. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kituo cha kuchajia hupitisha mkondo dhaifu wa umeme kwenye waya wa mpaka, mkondo huo huzalisha uga wa sumaku, na koili zilizomo ndani ya roboti huuhisi. Ndani ya mpaka mashine huenda bila mpangilio: hunyoosha, hukuta waya, hugeuka kwa pembe yoyote, kisha hunyoosha tena. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani inapoteza muda, lakini kwa kuwa inafanya kazi karibu kila siku na kukata milimita chache tu kwa mara moja, baada ya siku kadhaa ukoka wote huwa umepitiwa, na vipande vilivyokatwa ni vidogo kiasi kwamba hudondoka katikati ya mashina na kuozea humo humo, vikirudisha naitrojeni ardhini. Hakuna nyasi za kukusanya wala za kupeleka jalalani. Faida hiyo ya kukata kidogo kidogo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, na ndiyo inayonifanya niseme kwamba roboti, hata ile ya zamani, hutunza ukoka vizuri kuliko mtu anayesukuma mashine mara moja kwa wiki mbili.

Tatizo lilikuwa waya. Kuutandaza kuzunguka bustani, matuta ya maua na kila mti ni kazi ya kutwa nzima ya kupiga magoti, na hata ukishafukiwa hauna uhakika wa kudumu, kwa maana sepetu ya mpanda maua huukata, mizizi huuvuta na fuko huuinua. Ukikatika mahali pamoja tu, roboti haitoki tena kituoni, na kupatafuta mahali hapo ni adha. Wapo wanaotembea na redio ndogo ya masafa ya AM juu ya njia ya waya, wakisikiliza mlio unaopotea pale mkondo unapokoma. Kila tulipotaka kuongeza tuta, tulilazimika kufukua na kuunganisha upya. Naeleza haya kwa sababu mashine za waya bado zinauzwa, tena kwa bei ya chini, na watu huniuliza kama zinafaa. Zinafaa kwa bustani ndogo isiyobadilika, hasa iliyofunikwa na miti. Kwa bustani nyingine sioni sababu ya kuanza na waya leo.

Kilichouondoa waya ni mbinu ya upimaji iitwayo RTK. Kipokezi cha setilaiti cha kawaida, kama kilichomo kwenye simu, hukosea kwa mita kadhaa, kosa ambalo lingeipeleka roboti kwenye waridi au barabarani. RTK hutumia vipokezi viwili: kimoja kimesimikwa mahali pasipobadilika, juu ya mlingoti au ukutani, na kingine kimo ndani ya mashine. Kwa kuwa kile cha kwanza hakisogei, kinaweza kupima ni kwa kiasi gani mawimbi ya setilaiti yamepotoshwa njiani na angahewa, kisha kinamtumia mwenzake masahihisho kwa redio bila kukoma, na roboti inajua mahali ilipo kwa takriban sentimita 2. Wapima ardhi waliitumia mbinu hii miaka mingi kabla ya wakata nyasi. Kilichobadilika ni bei ya vipokezi. Husqvarna iliiweka kwenye mashine zake kwa jina la EPOS, ikianza na zile za wataalamu. Segway ilitambulisha Navimow mwaka 2021, Mammotion ikafuata mwaka 2022 na Luba, na kufikia 2024 roboti isiyo na waya kwa bustani ya mita za mraba 500 ilikuwa inapatikana hapa kwa karibu euro 1,000. Kuna hata mradi wa wazi uitwao OpenMower, ulioanzishwa na Clemens Elflein, unaoeleza jinsi ya kuifungua YardForce Classic 500, mashine ya waya ya bei nafuu, kuiondolea bodi yake ya umeme na kuipa ubongo mpya unaoelewa RTK. Nauheshimu sana mradi huo, kwa sababu umewaonyesha wanunuzi kwamba siri ya mashine hizi haiko kwenye plastiki yake.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapoangukia. Mashine ya RTK huishi kwa anga iliyo wazi. Upande wa kusini wa bustani yetu hauna kizuizi, na huko roboti inakata mistari iliyonyooka kiasi kwamba wapangaji husimama kwenye roshani kuitazama. Upande wa kaskazini una jengo la ghorofa nne na safu ya miti mirefu yenye majani mapana. Mwezi wa Aprili, matawi yakiwa bado matupu, mashine ilipita chini ya miti hiyo bila shida, na yeyote aliyeijaribu wakati huo angeisifu. Mwezi wa Juni, majani yalipojaa, ilianza kusimama katikati ya kazi ikisubiri setilaiti za kutosha, na karibu na ukuta ikawa inapinda njia kwa upana wa kiganja, kwa sababu mawimbi yanayogonga ukuta na kurudi hufika yamechelewa na kipokezi hukokotoa umbali usio wa kweli. Kuihamishia juu ya paa antena, yaani kile kipokezi cha kusimikwa, kulisaidia nusu ya tatizo, kwani antena ilipata anga yake, lakini roboti yenyewe ilibaki chini ya majani. Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, simama pale bustanini pako palipo na kivuli kizito wakati wa majira ya joto, tazama juu, na upime ni kiasi gani cha anga unachokiona. Kama ni chini ya nusu, usinunue mashine inayotegemea setilaiti peke yake, hata muuzaji akikuapia.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, ndiyo maana karibu kila toleo jipya limeongezewa macho. Njia ya kwanza ni kamera. Worx ilileta Landroid Vision mwaka 2023, mashine inayotegemea kamera kutambua wapi kuna nyasi na wapi hakuna, bila waya wala antena, ilhali wengine wengi, Navimow wakiwamo, huunganisha kamera na RTK ili roboti ijiongoze yenyewe kwa mita kadhaa pale setilaiti zinapopotea. Kamera hiyo hiyo, kwa msaada wa akili mnemba, hutambua vitu. Yetu hukwepa mpira wa watoto, viatu na paka aliyelala, tena kwa umbali wa kutosha. Mpira wa kumwagilia maji, hasa wa rangi ya kijani iliyofifia, huupita kana kwamba haupo, na umeshakatwa. Asubuhi yenye umande kioo cha kamera hupata ukungu na mashine husita mahali pasipo na kitu. Jua la jioni likiipiga usoni hufanya vivyo hivyo. Kwa jumla naikubali kamera, mradi ichukuliwe kama msaidizi wa mchana, maana gizani ile isiyo na taa yake haioni kitu.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo itakayotawala bustani za mijini, ni lida: kifaa kinachotupa miale ya leza pande zote, kupima muda inaochukua kurudi, na kuchora ramani ya pande tatu ya kuta, miti na ua. Dreame A1, iliyouzwa kuanzia 2024, ilikuja bila waya na bila antena ya RTK, ikitegemea lida kwa bustani ya hadi mita za mraba 2,000, na tangu hapo Ecovacs na wengine wameelekea huko. Uzuri wake ni kwamba vitu vile vile vinavyoiua RTK, yaani kuta na mashina ya miti, ndivyo vinavyoipa lida alama za kujitambua. Tena haijali giza. Udhaifu wake uko kinyume: kwenye uwanja mpana usio na chochote pembeni, leza haipati cha kugonga, na mashine hupotea. Ndiyo maana matoleo ya karibuni yanachanganya vyote vitatu, setilaiti, kamera na lida, na bei imepanda tena kufuatana na hilo. Nimeiona mashine ya lida ikifanya kazi katika ua wa jirani uliozungukwa na kuta pande zote na kivuli cha mti mkubwa wa matufaha, mahali ambapo yetu isingedumu dakika kumi, na ilikata hadi kwenye shina bila kusita.

Kuhusu antena, mwelekeo ulio wazi ni kuiondoa bustanini kabisa. Masahihisho yanayotoka kwenye mlingoti wako yanaweza kutoka pia kwenye mtandao wa vituo vya kudumu vilivyotapakaa nchini na kuifikia roboti kwa 4G. Husqvarna na Segway wote wamekwenda njia hiyo. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta ni nafuu kubwa. Hata hivyo mnunuzi aulize mapema huduma hiyo ni ya bure kwa miaka mingapi na itagharimu nini baadaye, kwa sababu mashine iliyonunuliwa kwa fedha taslimu inageuka kuwa ya kulipiwa kila mwaka.

Kwenye kukata kwenyewe hakuna mapinduzi. Nyingi bado zina diski yenye nyembe ndogo tatu au zaidi zilizofungwa kwa skrubu na kuning'inia, ili zikigonga jiwe zirudi nyuma badala ya kuvunjika. Hizo nyembe ndizo kipimo changu cha utunzaji. Wembe mpya huacha ncha ya jani ikiwa imenyooka na kijani hadi mwisho. Wembe uliochakaa huichana, na baada ya siku mbili ukiinama utaona nyuzi nyeupe kwenye kila ncha na ukoka wote umepata rangi ya vumbi. Utomvu hukauka juu ya diski na kuwa gamba la kahawia linaloongeza uzito na kelele, na hilo halisafishwi na programu yoyote ya simu. Linahitaji brashi, glavu na mashine iliyozimwa kabisa. Wauzaji hawalisemi hili vya kutosha. Pembezoni nako bado kuna ukanda wa nyasi usiofikiwa, kwa sababu kwa usalama diski huwekwa mbali na ukingo wa mashine. Baadhi ya matoleo mapya yana diski inayoweza kusogea upande mmoja kuukaribia ukuta, nalo ni jambo jema, ingawa mkasi wa bustani haujastaafu.

Miteremko imeshughulikiwa vizuri zaidi. Luba yenye magurudumu manne yanayosukuma inatajwa kupanda mteremko wa asilimia 80, na Husqvarna ilikuwa na Automower 435X AWD ya asilimia 70 tangu 2019. Kwa viwanja vikubwa kuna CEORA ya Husqvarna, iliyotambulishwa 2021 ikitajwa kuweza kutunza hadi mita za mraba 50,000, ndiyo maana roboti sasa zinaonekana kwenye viwanja vya gofu na vya mazoezi ya mpira. Yuka ya Mammotion inaweza kufungwa kifaa cha kuzoa majani makavu, na Yarbo inabadilishwa kichwa na kuwa mashine ya kuondoa theluji wakati wa baridi. Vifaa hivi vya kubadilisha navitazamia kwa hamu, kwani mashine inayojua njia zake zote isikae bandani miezi mitano.

Ndugu walioko nyumbani Afrika Mashariki huniuliza kama mashine hizi zingefaa Arusha au Limuru. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu za juu na sasa zimetandazwa Australia, Afrika Kusini na California, hutambaa kwa mashina manene yanayosukana na kuwa godoro zito. Roboti nyepesi huzungusha magurudumu humo bila kusogea. Inayotakiwa ni yenye magurudumu manne yanayosukuma na inayokubali kimo cha juu cha kukata, na kabla ya kuiachia ni lazima ukoka ufyekwe chini kwanza kwa mashine ya kawaida, kwa kuwa roboti imeundwa kudumisha ukoka uliokwisha kuwa mfupi. Ua uliozungushiwa ukuta unaifaa lida, na antena ya RTK ya kusimika mwenyewe haihitaji mtandao wa simu. Kinachonizuia kuzipendekeza ni vipuri na waranti, kwa sababu mashine iliyonunuliwa Ulaya na kusafirishwa mara nyingi hukosa huduma zote mbili. Na mtunza bustani anayefika kila wiki na mashine yake hufanya mengi ambayo roboti haiyajui, kuanzia kung'oa magugu hadi kuona mti ulioshambuliwa na wadudu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko sentimita zote hizo. Bustani za Ulaya ni makao ya kalunguyeye, mnyama mdogo anayetoka usiku, ambaye akihisi hatari hakimbii bali hujikunja. Mwaka 2021 mtafiti Sophie Lund Rasmussen na wenzake walichapisha jaribio la roboti 18 mbele ya kalunguyeye waliokwisha kufa. Hakuna hata moja iliyomtambua mnyama bila kumgusa kwanza, hakuna iliyowatambua watoto wadogo wa kalunguyeye, na baadhi zilisababisha majeraha makubwa ilhali nyingine zilimsukuma na kugeuka. Tofauti hiyo baina ya mashine na mashine ndiyo muhimu, kwani inaonyesha kwamba madhara yanaweza kuepukwa kwa ubunifu. Watafiti hao walikwenda mbali zaidi wakaunda kalunguyeye wa bandia wa kupimia usalama. Mwaka 2024 mji wa Köln ulipiga marufuku roboti hizi kufanya kazi usiku, na mwaka huo huo kalunguyeye wa Ulaya Magharibi aliingizwa kwenye kundi la wanyama wanaokaribia kuwa hatarini katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Mimi niliunga mkono marufuku hayo kwa moyo wote. Hakuna ukoka unaohitaji kukatwa saa nane za usiku, na mtengenezaji anayeitangaza mashine yake kwamba hufanya kazi kimya usiku kucha anatangaza jambo asilopaswa kujivunia. Kwenye programu ya simu, ratiba ya mchana ndiyo kitu cha kwanza kuweka, kabla ya kimo cha kukata, na mtu akague nyasi ndefu kwa mkono kabla ya kuiruhusu mashine kuingia.

Kamera nayo imeleta swali jipya: kifaa chenye macho na intaneti kinazunguka nje ya madirisha ya watu. Mwezi Agosti 2024, katika DEF CON, mkutano wa wadukuzi na watafiti wa usalama wa kompyuta, mtafiti Dennis Giese na mwenzake walionyesha kwamba roboti za Ecovacs, za kufagia na za kukata nyasi, zingeweza kudukuliwa kwa Bluetooth kutoka umbali wa zaidi ya mita 100. Kampuni ikaahidi kurekebisha. Katika nyumba ya wapangaji wengi kama yetu, nilihitaji ridhaa yao kabla ya kuileta mashine ya kamera, na nilieleza kwa maandishi picha zinahifadhiwa wapi na nani anaziona. Ninamshauri kila msimamizi wa majengo afanye hivyo, na akichagua kati ya mashine mbili zinazolingana, achague ile inayochakata picha ndani yake bila kuzituma nje.

Kwa anayeweza kusubiri, mwaka 2027 una mambo yatakayomsaidia zaidi kuliko toleo lolote jipya. Kuanzia tarehe 18 Februari 2027, kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu betri inataka betri za kubebeka zilizomo ndani ya vifaa ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, na betri ndiyo sehemu inayoizeesha roboti mapema kuliko nyingine ya gharama. Kuanzia tarehe 11 Desemba 2027, sheria ya usalama wa vifaa vya kidijitali itawalazimisha watengenezaji kuziba mianya ya udukuzi kwa muda ambao kwa kawaida haupungui miaka 5 tangu kifaa kuingia sokoni. Ukinunua kabla ya hapo, mwombe muuzaji akuandikie mambo matatu: betri inatolewa kwa skrubu au kwa kuvunja, masahihisho ya programu yataendelea hadi mwaka gani, na kama kampuni ikifungwa, mashine itaendelea kukata bila seva zake.